Mngurumo Mmoja wa Tel

Tel Tranter alizaliwa kiziwi, na si kiziwi wa kusaidiwa na kifaa cha sikioni. Lakini sauti moja aliijua. Kwa miaka ishirini na saba ndege ya Konkodi, ile ya abiria iliyokwenda kasi kuliko sauti, ilipaa juu ya mapaa yao kule Cranford karibu na uwanja wa ndege, naye alikuwa akiegemeza kifua kwenye mlango wa jikoni, vikombe vikigongana kabatini, ikamwingia mpaka kwenye meno. Kuna waliosema ni kelele. Kelele ni za jirani na redio yake. Ile ilikuwa kitu kingine kabisa.

Siku ilipostaafishwa, watu wazima na ndevu zao walisimama juu ya magari wakilia. Tel hakulia. Alijua ataikumbuka.

Sasa mwezi uliopita, wakiwa mezani na dada yake Doreen, aliweka mkate chini akasema kwa mikono, "Nimeisahau."

"Umesahau nini, miwani tena?"

"Ile sauti. Najua ilikuwepo. Nikiitafuta mwilini, siipati."

Doreen amemzidi miaka mitatu, na maneno sijui mara ngapi. Mtu ana sauti moja tu duniani, halafu nayo imuache? Aliogopa kwelikweli.

Ndipo alipoona tangazo la jumba la makumbusho lenye Konkodi: Jumamosi, mngurumo wake utasikika tena. "Utaipata," alimwapia mdogo wake. "Mimi nakwambia."

Jumamosi banda lilifurika wastaafu na chupa zao za chai. Walipoingia, Doreen alikwenda moja kwa moja mbele ya ile ndege. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, shingo imenyooka, imekaa kama mtu aliyekwisha kuvaa koti anangoja tu kufunguliwa mlango. Zamani watu waliibuni kwa penseli na rula tu, wakaipeleka kwenye ukingo wa anga, abiria wakinywa mvinyo. Aliitazama akahisi machozi, wala hakujua ni ya nini.

Kisha mngurumo ukaanza. Ulitoka kwenye vipaza sauti viwili vidogo vilivyotundikwa juu ukutani. Wazee walifumba macho, wengine wakashikana mikono. Tel aligusa sakafu. Akagusa ukuta. Akaenda kusimama chini ya kipaza sauti chenyewe, kisha akamgeukia dada yake.

"Wameanza?"

Doreen alitamani ardhi immeze. Miaka sitini na tano ameishi na kiziwi, halafu amemleta kusikiliza redio. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Akili zangu zimeniruka."

Mzee mmoja mwenye beji ya wenyeji wa jumba lile aliwasogelea. Jina lake Pocock. Alikuwa fundi wa safari wa Konkodi, akikaa nyuma ya marubani kuziangalia injini miaka kumi na minne. Aliuliza bwana huyu ana nini. Doreen alimweleza yote, bila kujisamehe.

"Mwambie anionyeshe anachokumbuka," Pocock alisema. "Hata kama ni kidogo."

"Sina kitu," Tel alijibu.

"Jaribu basi, mbishi wewe," Doreen alimhimiza.

Tel alisimama nyuma ya Pocock akamwekea kiganja katikati ya mgongo. Kikatulia. Tena kikatulia. Halafu vidole vikaanza kutetemeka, kiganja kikafuata, kisha mkono mzima mpaka begani, ukisukuma, ukizidi kusukuma, hadi miwani ya mzee wa watu ikacheza puani. Pocock aliacha kutabasamu.

"Tumeacha ardhi," alinong'ona.

Mgongo ukamnyooka. Mkono wake wa kulia ulitoka mbele, ukashika kitu kisichokuwepo. Doreen aliona midomo yake ikihesabu: tatu, mbili, moja. Tel alikuwa nyuma, midomo ile haioni. Kwenye moja, kiganja chake kikalegea ghafla, mtetemo ukashuka nusu, ukaanza kwenda mbali.

Pocock aligeuka, uso umelowa. "Hapo ndipo tulipozima ule moto wa nyongeza wa injini, tusiwavunjie vioo watu wa chini. Nani alimfundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha. Sisi ndio watu wa chini."

"Basi mwambie hajasahau kitu. Ni sekunde ileile."

Doreen alimwambia. Tel alikaa anautazama mkono wake, mbele na nyuma, asiuamini.

Naye Doreen alisimama pale na masikio yake mawili mazima. Miaka yote ile, kila ndege ilipopita, yeye alikuwa akiinuka kuongeza sauti ya televisheni.

"Anzia mwanzo," alimwambia mdogo wake kwa mikono, kisha akamgeuzia mgongo.