Sauti ya Kuwarudisha Kanga

Shule sikufika mbali, lakini kanga nawajua. Kuku ukimpa mahindi leo, kesho yuko mlangoni anakudai. Kanga anakula chako asubuhi, jioni anaruka juu ya mti na kukutazama na kile kichwa chake cha upara kama mtu ambaye hamjawahi kuonana. Wengi walijaribu kuwafuga wakanyoosha mikono. Sisi tulidumu kwa sababu ya mke wangu.

Yeye ndiye aliyegundua kwamba kifaranga anasikia akiwa bado ndani ya yai. Mashine yetu ya kutotolesha ilikuwa friji bovu, tumelitoa mtambo, tukalifunga taa na kulitia trei ya maji chini. Siku za mwisho, mayai yakishaachwa kugeuzwa, mke wangu alivuta kigoda mpaka pale, akaweka mdomo kwenye tundu la hewa na kuita, "Haya nyumbani-i-i! Haya nyumbani-i-i!" Ile nyumbani aliipandisha juu, kisha akaikata ghafla. Asubuhi anaita, mchana anaita, jioni anaita.

"Dada," mdogo wake alikuwa akimwambia, "friji limekukosea nini? Kama umelichoka, lirudishe dukani." Huyo ni shemeji yangu, fundi wa matenga yetu, mtu ambaye hata msibani mdomo haumtulii.

Mke wangu hakumjali. Vifaranga wake walitoka wakiijua sauti ile, wakakua nayo. Jioni, popote walipo, wakiisikia tu walirudi bandani mbio, shingo mbele, kama vibarua walioambiwa mshahara umetoka. Watu walikuja kununua vifaranga kwetu kutoka mbali, wakabaki uani mpaka jioni waone tu kanga wanavyoitwa.

Mwaka jana alifariki. Hospitalini waliniambia mashine ya hewa imeharibika na fundi yuko safarini. Nikauliza, safari gani? Wenye vyeo hawajibu, wanakupisha njia tu upite na maiti wako.

Jioni ya maziko kanga walibaki mitini. Niliita mimi, wakanitazama. Akaita shemeji, baadhi wakaruka mti wa mbali zaidi. Ndipo binti yangu akatoka jikoni. Tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza. Alifuta mikono kwenye nguo yake, akaita, "Haya nyumbani-i-i!" na akaikata pale pale mama yake alipokuwa akiikata. Walishuka wote. Mimi nikakalia ndoo.

Tangu siku ile shamba zima likawa linaning'inia kwenye koo la Chiriku. Yeye ndiye aliyeyasemesha mayai, yeye ndiye aliyewaita jioni. Kanga wale ndio kitu pekee cha mke wangu kilichobaki kinatembea, na mimi sikuwa na shabaha nyingine duniani ila wasitoweke.

Sasa, chini yetu kuna shamba kubwa la kuku la mtu mmoja mzito. Kuku wake walianza kufa. Wakawa wanatupwa kwenye mtaro unaopita kando ya uzio wetu, na mvua ikinyesha tunaona mabawa yanaelea. Nilikwenda ofisi ya mifugo nikasema. Wakanikalisha kwenye benchi. Nikarudi, mwenye ufunguo hayupo. Nikarudi tena, yupo ila anakunywa chai. Mpaka redio iliposema kuna mafua ya ndege ndipo wakakurupuka. Na walikuja kuanza wapi? Kwangu. Yule mzito alikuwa ameshajaza malori na kuwahamisha wake.

Walikuja mchana, magari mawili meupe, wamevaa mavazi meupe yanayofunika mpaka viatu. Aliyewaongoza ni Bwana Mifugo, kijana tunayemjua, amewahi kuja kuchanja vifaranga wetu. Mkuu wake alibaki ndani ya gari, vioo juu, simu sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kutibu au kuzika?"

"Mzee, usinianze. Kuna amri. Kanga wako wapi?"

Shemeji akaonyesha mitini kwa nyundo. "Wamepumzika. Panda ukawasalimie, ila uvue hilo gunia kwanza, wasije wakadhani umekuja kuolewa."

Bwana Mifugo hakucheka. Alinivuta pembeni. "Sikiliza, mzee wangu. Ndege atakayekutwa nje anapigwa risasi. Watakaokuwa bandani tunawafungia, tunawachukua damu, wakiwa wazima unabaki nao. Mkiweza kuwashusha, washusheni."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema. Naapa."

"Unaapa kwa nani? Kwa huyo aliyejifungia kwenye gari?"

"Kwa mama yangu mzazi."

Chiriku alikuwa amesimama karibu, trei ya maji mkononi. "Baba, kaapa kwa mama yake."

"Nimesikia."

"Hawajawahi kuitwa saa hizi. Watashangaa."

"Waite," nikasema.

Akaita. Na walikuja, jua la utosini, bila kubisha. Alitangulia Karani, jike kuukuu mwenye kidole kilichopinda, tuliyempa jina hilo kwa sababu hapiti mahali bila kukagua. Walipita katikati ya miguu ya wale watu weupe kama wanapita kati ya nguzo. Mmoja wao akacheka ndani ya barakoa. "Hawa mmewalisha dawa gani?"

Basi Chiriku ndipo hapo akapata wa kuzungumza naye. Akamweleza habari ya friji, ya tundu la hewa, ya mama yake, akamwambia ajaribu kuita na yeye. Yule mtu akajaribu. "Hapana, hapana," Chiriku akasema, "wewe unaita kama unauza mkaa. Ipandishe, halafu ikate." Wakacheka wote wawili. Shemeji akafunga mlango wa banda kwa waya.

Bwana Mifugo akaenda kwenye gari. Kioo kilishuka kiasi cha kiganja. Sikusikia walichosema, niliona tu mgongo wa yule kijana ukiinama, ukainama tena. Kioo kikapanda. Alirudi akiangalia viatu vyake.

"Vipimo havijafika, mzee."

"Basi tungoje vifike. Si wamefungiwa?"

"Mkuu amesema hatuwezi kungoja."

"Na mama yako," shemeji akamuuliza, "anajua unavyomtumia?"

Kijana akavuta barakoa yake juu. Wenzake walikuwa tayari wanashusha mitungi ya gesi ya kuulia na turubai la kufunika banda.

Mimi nilishikwa na watu wawili. Shemeji alisukumwa akaangukia matenga yake. Chiriku hawakumshika, waliona ni msichana tu, atalia pembeni. Akakimbilia upande wa nyuma wa banda, ambako turubai lilikuwa bado halijashuka, akang'oa waya wa mlango mdogo kwa vidole mpaka ukafunguka. Mlango mmoja wazi, msitu hatua chache tu nyuma yake. "Tokeni!" akapiga kelele. "Kimbieni! Nendeni zenu!"

Lakini ni sauti ile ile. Mama yake hakuwafundisha neno la kukimbia, hakuona sababu ya kuwafundisha. Kanga waliisikia, wakamjia. Walijikusanya pale mlangoni, wakamzunguka miguuni, shingo mbele, wanasubiri awape chakula cha jioni. Kadiri alivyowafukuza ndivyo walivyosogea. Aliwapiga mateke. Alimnyanyua Karani akamtupa nje kuelekea msituni, ndege akaruka kidogo, akageuka, akarudi ndani kwa miguu yake. Kisha watu weupe wakafika, wakamtoa binti yangu, wakafunga mlango, wakashusha turubai.

Kanga ni ndege wa kelele. Ilichukua muda mpaka pakawa kimya.

Kabla ya kuondoka, Bwana Mifugo alisukuma mlango wa stoo. Friji lilikuwa linawaka taa, na ndani yake mlikuwa na mayai yaliyobakiza siku chache. Aliweka kiganja juu yake, akahisi joto. Mtu wa nyuma akamuuliza, "Humo kuna nini?"

"Friji bovu tu," akasema, akaurudisha mlango. Hakunitazama. Sikumshukuru, na mpaka leo sijamshukuru.

Nikajiambia, mayai yapo, sauti ipo, shamba lipo. Nilifuta vumbi kigoda cha mke wangu nikakiweka pale pale.

"Chiriku, siku zimefika," nikamwambia. Alikuwa anaosha vyombo. Tangu walipoondoka wale watu alikuwa hajasema kitu, hata salamu alikuwa akiitikia kwa kichwa. "Wakitoka bila kuitwa watakuwa kanga wa porini. Unajua."

Aliosha sufuria ndani, akaosha nje.

"Nasema na wewe, mwanangu."

"Nikiwaita watakuja, baba."

"Si ndiyo kazi yake!"

"Ndiyo kazi yake," akasema, akatundika kitambaa, akatoka.

Basi nikakaa mimi kwenye kigoda. Niliweka mdomo kwenye tundu la hewa nikaita. Sauti yangu ni kama debe linaloburutwa kwenye kokoto. Shemeji alipita mlangoni akanikuta hivyo, na mzaha nikauona kabisa umeshafika kwenye midomo yake. Akaumeza. Afadhali angeutoa.

Vifaranga walitoka hata hivyo, kwa kuachana, leo mmoja, kesho wawili, si kwa mkupuo kama zamani. Ukipeleka mkono wanakimbilia kona ya mbali. Chiriku aliwalisha, akawasafishia, akawabadilishia maji, hakuzembea hata siku moja. Ila alifanya yote hayo mdomo umefungwa. Mabawa yakakamilika, wakaanza kudonoana ndani mpaka damu. Kanga humfungii daima. Nikafungua mlango.

Jioni walikuwa juu ya miti. Niligonga kopo la mtama, nikaita mpaka nikakohoa. Waligeuza shingo, wakanitazama. Chiriku alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono inachuruzika maji.

"Mara moja tu," nikamwambia. "Kwa ajili ya mama yako."

Akatikisa kichwa. "Waache huko, baba. Huko juu mtu akiwataka itabidi apande."

Kesho yake walikuwa kwenye miti ya ng'ambo ya barabara. Baadaye tukawa tunawasikia tu kwa mbali, kisha hata hilo likaisha. Shemeji alivunja matenga yaliyobaki yakawa kuni, akaenda kutafuta kibarua kwa fundi wa milango. Friji nimelitoa taa. Chini kwa yule mzito wameleta kuku wapya, upepo ukivuma nasikia mapangaboi yake yanazunguka, na hakuna gari lolote jeupe lililosimama kwake.

Bwana Mifugo alipita juzi kwa baiskeli. Akaniuliza kama nitaanza tena. Nikamwambia akaulize kwenye gari.

Chiriku siku hizi anaongea kidogo, chini chini, hata chumvi anaomba kwa kunong'ona. Chakula kikiwa tayari haniiti. Anavuka uwanja mzima mpaka nilipo, ananigusa bega.