Malkia wa Uani kwa Bi Khairat

Salha alikuwa amesoma miaka sita ili aweze kuhesabu pingili za vipapasio vya sisimizi, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia bibi yake. Bi Khairat, aliyemlea hapohapo Kikuyu, Dodoma, tangu akiwa mchanga, aliamini kabisa kwamba mjukuu wake ni daktari. Daktari wa nini, hakuuliza. Aliwatangazia majirani, akawagawia na namba ya simu, na Salha akawa anapigiwa na wazee wenye mabusha. Sasa hapo angeanzia wapi kusema ukweli?

Sisimizi wa kisa hiki Salha alimkuta nyumbani. Alikuwa anafua uani akaona mdudu mweusi anapanda beseni kwa madaha, mgongoni ana miiba minne. Sisimizi wa Dodoma hawana madaha, wana njaa tu. Akamtia kwenye kichupa cha spiriti, akaenda naye chuoni, akamweka chini ya hadubini. Kiunoni vifundo viwili. Kipapasio kina pingili kumi na moja. Alirudia kuhesabu mpaka shingo ikamkaza. Vitabuni, sisimizi wa namna hiyo aliokotwa mara moja tu, karibu na reli, na mzungu mmoja ambaye hata jina la stesheni alilikosea. Miaka tisini ilikuwa imepita bila yeyote kumwona tena.

Bosi wake, Dokta Batholomeo, ambaye kazi aliyoiweza kuliko zote ilikuwa kuwakatisha vijana tamaa, alichungulia kwa jicho moja.

"Mmoja tu? Na kipapasio cha kushoto umekivunja. Binti, huyu ni sisimizi wa kawaida aliyezaliwa vibaya. Nionyeshe malkia, ndiyo tuongee."

Mkataba wa Salha ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Malkia akipatikana, angeongezewa mwaka. Asipopatikana, arudi nyumbani akatibu mabusha.

Kumfukua malkia si kazi ya pupa. Hukaa chini kabisa, na jembe likikosea kidogo umeshamponda. Batholomeo akakubali, kwa kunung'unika, kuja Jumamosi na Emilia, fundi wa maabara, wachimbe shimo la sisimizi pale uani taratibu kwa vijiko.

"Bibi," Salha alisema Ijumaa, "kesho nina wageni kutoka kazini. Watakaa uani kidogo."

"Uani? Kwa nini wasikae ndani, watu wazima wale?"

Hapo ndipo angesema. Alisema tu, "Wanapenda upepo."

Kesho yake alikwenda kuwapokea barabarani. Aliporudi nao, uani palikuwa panang'aa. Ardhi imesawazishwa na kunyunyiziwa maji, udi unafuka, chai ya tangawizi iko tayari na sinia la vitumbua limefunikwa kawa. Na pale penye shimo la sisimizi, palepale, umetandikwa mkeka mpya.

"Shikamoo, mama," alisema Batholomeo.

"Marahaba, baba, karibuni. Kaeni hapo, pasafi. Palikuwa na sisimizi, washenzi kwelikweli! Nimewamwagia masufuria matatu ya maji ya moto tangu alfajiri, kisha nikapachimbua kwa jembe. Hawatawasumbua."

Salha alikaa chini, akalia kwa sauti mbele ya bosi wake.

"Bibi, umenimaliza! Wale ndio kazi yangu. Mimi si daktari wa watu. Mimi nahesabu sisimizi!"

Bi Khairat aliliweka chini buli la chai.

"Na Mzee Abdulkadiri na busha lake, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aende hospitali."

"Basi ulimwambia vizuri."

Batholomeo, ambaye tayari alikuwa na kitumbua mdomoni, alimeza haraka. "Mama, takataka umezitupa wapi?"

Zilikuwa kwenye ndoo, zikisubiri gari la taka. Emilia alitandika shuka nyeupe, akamwaga udongo wote, na Batholomeo, mzee mzima, akapiga magoti na lenzi yake.

"Salha, acha kulia, njoo huku. Kwani sisi tungewafanya nini? Si tulikuwa tunakuja kuwaua?"

Walikuwa mamia, wameoshwa, vipapasio vizima. Alasiri ilipokaribia, Salha akamwona: mnene, mkubwa mara tatu ya wenzake, mabegani ana makovu ya mbawa zilizodondoka. Akahesabu kwa sauti. Kulia kumi na moja. Kushoto kumi na moja. Batholomeo akahesabu mwenyewe mara mbili, kisha akasema, "Nilikosea," neno ambalo Emilia aliapa hajawahi kulisikia kwake kwa miaka minane.

Salha alirukaruka kwa furaha. Halafu akaitazama ile ardhi iliyosawazishwa, na furaha ikamwishia. Hakuna hata sisimizi mmoja aliyekuwa anatembea. Alikagua ukuta, beseni na mizizi ya mkomamanga. Hakuna.

Wageni walipoondoka, alikaa mkekani kuandika kikaratasi cha kumbandikia malkia. Sheria ya vikaratasi hivyo ni moja: usidanganye, maana atakayekisoma miaka mia ijayo hana wa kumuuliza.

"Nipe nione," alisema Bi Khairat, akachukua lenzi ya mjukuu wake. Alisoma polepole: "Kikuyu, Dodoma, uani. Mkusanyaji: Khairat Swalihu. Njia: maji ya moto." Akaishusha lenzi. "Mbona hujaandika kwamba sikujua?"

"Karatasi ni ndogo, Bibi."

"Na kwamba hukuniambia?"

"Imejaa."

"Igeuze," alisema Bi Khairat, akamrudishia kalamu.

Salha akaigeuza.