Simu Tisa Kiunoni kwa Nassir

Optatus alikuwa mpishi katika loji moja pale Mikumi, na mwezi ule alikuwa na jambo moja tu kichwani: binti yake, kilo moja na robo, aliyelala kifuani kwa mama yake hospitalini Kilosa. Mkewe, Katarina, alikwenda kwao Munisagara, wilayani Kilosa, kupumzika tu, uchungu ukamkuta huko mimba ikiwa na miezi saba. Mtoto akazaliwa njiti. Kwenye utepe wa mkononi wakaandika "Mtoto wa Katarina", kwa sababu jina alikuwa nalo baba, na baba hakulitaja. Kwa akina Optatus ndivyo ilivyo: jina hutoka kinywani mwa baba, tena mtoto akishatulia. Wakakubaliana wasubiri afike kilo mbili.

Siku hizohizo kampuni ikatangaza shindano kati ya loji zake. Wafanyakazi watembee mwezi mzima, simu zihesabu hatua, wageni wachangie. Loji itakayoshinda, hospitali ya upande wake itanunuliwa mashine ya kuwapasha joto watoto njiti. Meneja Evarist alipomaliza kusoma tangazo, macho yote yakamgeukia Optatus. Yeye akainamia kikaango.

"Hii ni ya mwanao, kaka," akasema Yusrah wa dobi. "Tutatembea mpaka soli ziishe."

Tatizo lilikuwa jiko. Mpishi anasimama, hatembei. Kutwa nzima Optatus alipata hatua elfu tatu, na hizo ni za stoo na chooni, huku wenzao wa loji ya Iringa wakizidi kupaa. Ndipo Yusrah, mwenye akili nyingi kuliko kazi aliyopewa, akaja na mbinu. Nassir, mlinzi, huzunguka uzio kutwa nzima kuangalia tembo wasiingie. Basi abebe simu za wote! Nassir akafunga kiunoni mkoba wenye simu tisa, zote zimezimwa sauti, maana nani anataka simu tisa zilie mbele ya tembo?

Ulikuwa udanganyifu, sawa. Lakini ulikuwa wa mapenzi, na wanasema wema hauozi. Optatus alisita kidogo.

"Na hospitali wakipiga?"

"Saa sita Nassir anakuja kula. Utaiangalia."

Kweli, siku tano aliiangalia, siku tano kimya. Katarina alipiga jioni tu, kusema mtoto kaongezeka gramu kadhaa. Optatus akaanza kupiga mluzi jikoni.

Siku ya sita tembo wakavunja uzio upande wa bondeni, na Nassir hakuja kula. Optatus akatoka mara mbili hadi mlango wa nyuma, akaitazama njia, akarudi kwenye mafuta yanayoungua. Simu ya mapokezi ilikuwepo, lakini namba ya Katarina hakuijua kichwani. Ilikuwa ndani ya simu yake, na simu yake ilikuwa porini.

Nassir alirudi saa kumi na moja jioni, matope hadi magotini, meno yote nje.

"Elfu thelathini na nne, kaka! Tumewapita Iringa!"

Optatus akaipokea simu. Chini ya hatua zile palikuwa na simu kumi na moja zisizopokelewa, zote za Katarina, zote za saa nane mchana. Akapiga. Akapokea nesi.

"Pole sana, baba," nesi akasema. "Alianza kusahau kupumua. Tulijitahidi."

Evarist akatoa gari la loji. Yusrah akang'ang'ania kwenda, akalia njia nzima. "Hata ungejua usingefika, kaka. Kutoka Mikumi? Usingefika." Walipopita kijiji cha Ulaya, Optatus alikuwa amelishika neno hilo kwa mikono miwili. Usingefika. Hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Nesi Aneth, mama wa makamo, aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole. Ingia."

Katarina alikuwa ameketi kitandani. Kanga aliyombebea mtoto bado ilikuwa imefungwa kifuani, ndani hamna mtu.

"Nisingefika, mama Raheli," Optatus alitaka kusema, lakini jina hilo hakuwahi kulitoa. Akasema, "Nisingefika, Katarina."

"Najua. Sikukupigia uje." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo ilimwogopesha. "Nilitaka jina tu. Nesi ameshika kikombe cha maji, ananiuliza tumbatize nani. Nikamwambia ngoja, baba yake ndiye anajua. Tukangoja. Mbona hukupokea?"

"Simu ilikuwa inatembea."

Katarina akakunja uso, asielewe.

"Nesi kampa jina lake," akasema Katarina. "Muda ulikuwa umekwisha. Ameandikwa Aneth." Kisha akauliza, "Ulikuwa umwite nani?"

"Raheli. La mama yangu."

Katarina akatikisa kichwa kukubali, akapeleka mikono nyuma ya shingo, akaanza kufungua fundo la kanga.