Mkwe Wangu na Kipanya

Sijui ni nani aliyemdanganya mkwe wangu Javan kwamba kila kitu duniani kina kivuli upande wa kulia. Pengine ni ile kazi yake ya kuandika mabango ya maduka. Herufi za bango hutiwa kivuli kulia ili zinenepe, mteja azione kutoka ng'ambo ya barabara. Basi na picha alizochora kwa kompyuta akazitia hivyo hivyo. Mtungi kivuli kulia, msichana kivuli kulia, nyumba kivuli kulia, na jua lenyewe amelichora hapo hapo kulia, limekodoa macho.

Mhariri wa vitabu vya shule huko katikati ya jiji alizirudisha zimezungushiwa kalamu nyekundu. Vivuli vilikuwa vinalifuata jua badala ya kulikimbia. Mistari haikukutana. Weusi ulizidi, kitabu kikichapishwa ungekuwa madoa matupu. Alimpa Javan mpaka saa kumi na moja jioni hiyo, ofisi ikifungwa. Baada ya hapo kazi ingekwenda kwa mchoraji mwingine.

Kazi hiyo ndiyo ingembakisha binti yangu Nairobi. Mwaka huo, tisini na saba, mabango yalikuwa yamepungua, na Javan alikuwa ameshakata shauri: akiikosa, Triza na mtoto wanakwenda kukaa kwa wazazi wake Bungoma, yeye abaki akihangaika peke yake. Triza ni mtoto wangu wa pekee. Sikuwa tayari aende, na nasema hivyo bila haya.

Mimi nilikuwa nikifundisha kompyuta katika chumba cha kanisa, ghorofani, karibu na soko la Jericho, hapo hapo Nairobi. Kabla ya hapo nilichora ramani za majengo miaka mingi, kwanza kwa kalamu, kisha kwa mashine. Makosa ya Javan niliyaona upesi kama mawe kwenye mchele. Lakini kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawapishani hata mlangoni. Na mtu asiyejua kipanya cha kompyuta hufundishwa kwa kushikwa mkono, mkono juu ya mkono, mpaka vidole vizoee. Wote nilikuwa nimewafundisha hivyo, hata mzee wa kanisa mwenye kiburi chake.

Kwa hiyo siku hiyo nilikaa kwenye benchi la mlangoni, Javan akakaa mwisho wa chumba, uso kwenye kioo cha mashine. Triza alisimama katikati, mtoto mgongoni, akibeba maneno.

Nilimwambia Triza amwambie jua lihamie kushoto, maana ni rahisi kuhamisha jua moja kuliko kuhamisha vivuli vyote. Likahamia. Nikamwambia weusi ule aupunguze, aweke vijistari vyembamba vilivyoachana, karatasi ipumue. Akaweka. Jasho lilimtoka shingoni, lakini picha ilianza kusimama, na mimi nikaanza kumpenda tena kidogo.

Ikabaki mistari. Javan kwa brashi hana mfano mtaa mzima, ila kipanya kilikuwa bado hakijamtii. Na mwandika mabango haoni umuhimu wa kufunga mstari, kwa sababu jicho la mteja litaufunga lenyewe. Kompyuta haina huruma hiyo. Ukiacha tundu dogo kama la sindano halafu ukamwaga rangi, itapenya pale na kufunika ukurasa wote.

"Mwambie aangalie kidole cha msichana, pale kinaposhika mtungi," nikasema. "Hapajafungwa."

"Mama anasema hapo kwa kidole hujafunga," Triza akasema.

Javan akajibu kwamba amefunga. Mtoto akaanza kulia. Triza akatoka naye hadi kwenye ngazi kumbembeleza, na sisi wawili tukabaki chumbani, jambo ambalo halikupaswa kutokea. Nilipaswa kutoka pia. Nilitazama saa ukutani, nikabaki.

Javan akamwaga rangi ya mtungi. Kahawia ikapita kwenye kidole, ikaenea kwenye uso wa msichana, kwenye nyumba, kwenye anga yote. Picha ikazama. Programu ile ilikuruhusu kufuta kosa moja tu, lile la mwisho. Ukibonyeza kitu kingine chochote, kosa halifutiki tena. Na yule mtu, Mungu amsamehe, hakuwa amehifadhi kazi yake tangu asubuhi.

Nikaona kidole chake kikiinuka kubonyeza tena, kwa hofu tu, bila kujua anabonyeza nini. Hadi nimwite Triza aje, kingekuwa kimeshabonyeza. Nikavuka chumba na kuweka mkono wangu juu ya mkono wake.

Aliganda. Mkono wake ulikuwa baridi kabisa. Nikausukuma wangu, na wake ndani yake, hadi pale pa kufutia kosa. Kahawia ikatoweka, msichana akarudi.

Hapo ningeweza kumwachia. Picha ilikuwa salama. Lakini tundu la kidole lilikuwa bado liko wazi, saa zilikuwa zinakwenda, na ofisini kwa mhariri ni mbali. Sikumwachia. Tuliufunga ule mstari pamoja, nukta kwa nukta, halafu tukamwaga rangi, ikabaki ndani ya mtungi. Tukahifadhi. Nilipoinua kichwa, Triza alikuwa mlangoni akitutazama.

Javan alitoa diski, akapita kwa kuambaa ukuta mpaka nje. Akakimbilia mjini nayo.

Kesho yake Triza alikuja peke yake na mtoto, akasimama nje ya chumba.

"Amepata," akasema. "Wamempa kitabu chote. Hatuendi Bungoma."

Nilitaka kumkumbatia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Anasema asante, Mama. Na anasema usije kwetu, na mimi nisikuletee mtoto, mpaka wazee wakae walitengeneze hilo jambo."

Nilimuuliza wazee watakaa lini.

"Hajawaambia. Anaona aibu kumwambia baba yake."

"Na wewe unasemaje?"



"Mimi nimeolewa, Mama."

Akakaza leso ya mtoto mgongoni, akateremka ngazi kurudi nyumbani kwake Makongeni, karibu tu, ambako kutoka kwangu mtu huenda kwa miguu.