Gauni la Kukadiria

Mellen aliweza kuvumilia mambo mengi ya mpenzi wake Javan, lakini si ile mikono yake. Kila alipomuuliza, "Mama yako ni mnene kiasi gani?" Javan aliitanua hewani kama anayemkumbatia mtu asiyeonekana.

"Kama hivi."

"Asubuhi uliitanua kidogo tu."

"Basi weka katikati."

Walikuwa sokoni Rongo, mbele ya rundo la magauni, njiani kutoka kwao Mellen, Ntimaru, kwenda Kosele. Huko mama yake Javan alikuwa anamngoja kumwona kwa mara ya kwanza huyu msichana Mkuria aliyemteka mwanawe. Mellen hakuwa msemaji. Alitaka gauni limsemee. Lakini likimbana mama litamtukana, na likimpwaya litamtukana vilevile.

"Ni kama yule," Javan akasema, akimwonyesha mwanamke aliyekuwa akichagua nyanya. "Ila mfupi kidogo. Mabega achukue ya huyu dada."

Muuza nguo akaangua kicheko. "Kijana, unatafutia mama nguo ama unanunua ng'ombe?"

Mellen akachagua la bluu lenye maua, kisha akaomba lililozidi kidogo. Heri nusu shari.

Kosele, chai ilikuwa bado haijamiminwa, Mama Javan akaingia chumbani na zawadi yake. Mlango ulipofunguka, gauni lilikuwa limemwagika mabegani mwake. Mtu wa pili angeingia humo na kupata pa kukaa.

Mama Javan alijitazama juu hadi chini. Akageuka, akarudi chumbani.

Mellen akautazama mlango wa nje.

Mama akatokea tena, bado amelivaa, na mkononi ameshika gauni la kitenge. "Hili nimekushonea wewe. Nilimuuliza huyu kijana wangu, msichana wako yuko kiasi gani?"

"Akasemaje, mama?"

Mama Javan akaitanua mikono hewani.

Mellen alilivaa juu ya nguo zake, na bado likabaki na nafasi. Mikono ilimfunika hadi vidole. Kicheko kikampanda mwenyewe asijue kilikotoka.

"Mama, na wewe uliongeza?"

"Niliongeza, nyathina, mwanangu! Niliogopa likikubana utarudi kwenu."

"Hata mimi niliogopa," Mellen akasema, na maneno yakafunguka. Akasimulia habari ya mama wa nyanya, ya mabega ya dada, ya ng'ombe, mpaka Mama Javan akashika ukuta kwa kucheka.

"Si nilisema takriban?" Javan akajitetea.

"Nyamaza!" wakamjibu pamoja.

Mama akaleta leso mbili, wakajifunga viunoni, magauni yakakaa kidogo. Kisha akamvutia Mellen kiti na kumsogezea sahani ya samaki.

"Kula, mtoto wangu. Tutakula mpaka magauni haya yatutoshe."