Ufunguo wa Jirani

Kazini walimwita Dobi, chuoni wakamwita Mama Darasa. Jina la kwanza lilikuwa halali yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akilisha mashuka yenye unyevunyevu kwenye mashine ya kunyooshea. Upande huu yanaingia yamekunjamana, upande ule yanatoka yamenyooka na moto mkononi. La pili alipewa na wanafunzi wenzake, ambao wengi wao walikuwa bado hawajaota meno alipoanza kazi. Alijiandikisha masomo ya Jumamosi baada ya mama yake kufariki, kwa sababu Jumamosi zilikuwa zimebaki tupu na hakujua azifanyie nini.

Somo alilolipenda kuliko yote liliitwa Sanaa na Jamii. Mwalimu wake, mwanamke mpole aliyezungumza kwa sauti ya chini, aligawa fomu zenye mistari mitatu. Kabla muhula haujaisha, kila mmoja alitakiwa kuhudhuria matukio matatu ya sanaa hapo mjini, apigiwe muhuri mlangoni, kisha aandike kurasa mbili kuhusu kila tukio. Vijana walinung'unika. Dobi aliiweka fomu yake ndani ya daftari ili isipate mkunjo.

Kwenye maonyesho ya picha za kuchora alisimama muda mrefu mbele ya mchoro wa meza yenye kitambaa cheupe. Aliandika kwamba mchoraji anajua rangi lakini hajawahi kushika pasi, maana hakuna kitambaa duniani kinachojikunja namna ile. Mwalimu alicheka, akampa alama nzuri. Kwenye onyesho la kwaya alilia kidogo, na hilo hakuliandika.

Tukio la tatu lilikuwa mchezo wa kuigiza, na mchezo wenyewe uliandikwa na mdogo wake.

Mdogo wake walimwita Kasuku tangu utotoni. Mgeni akishatoka tu mlangoni, Kasuku alikuwa tayari anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, na Mama anacheka mpaka anashika ukuta. Alipofika miaka ishirini na mbili aliondoka, akajiunga na kikundi cha maigizo katika mji mwingine, akawa mtu wa kupiga simu siku za sikukuu. Sasa kikundi kilikuwa kinakuja na mchezo wake mpya, jioni ya Jumamosi, saa kumi, kwenye ukumbi wa maktaba.

"Unahusu nini?" Dobi alimuuliza kwenye simu.

"Utauona mwenyewe, Dada."

Dobi hakuweza kukaa na furaha ile peke yake. Alimwambia Mwalimu, akawaambia vijana. Binti mmoja aliyezoea kukaa naye, ambaye wote walimwita Miwani, alilitangazia darasa zima kwamba Mama Darasa ni dada wa mtunzi. Siku ilipofika walikwenda watu kumi na mmoja, wakajaza safu nzima ya tatu. Dobi alikaa katikati. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, na alikuwa amelipiga pasi mara mbili.

Taa zilipowashwa jukwaani kulikuwa na kitanda, stuli, na mlango uliosimama peke yake bila ukuta. Mlango ulikuwa na kitasa kikubwa kuliko kawaida. Mwanamke mzee alikuwa amekaa kitandani akikunja leso, akiikunjua, akiikunja tena.

Dobi alizijua zile kunja kunjua kabla hajajua anazijua.

Kisha akaingia mwanamke mwingine, mnene kidogo, mwenye sare ya kazi na funguo shingoni. Alitembea kwa kuburuza mguu wa kushoto, kama anavyotembea mtu aliyesimama kutwa nzima kwenye sakafu ya saruji. Mzee alimuuliza anakwenda wapi. Akamuuliza tena. Alipouliza mara ya tatu, mwenye funguo alisema, "Mama, usinichoshe, mimi nimechoka hata kabla yako." Ukumbi ukacheka.

Maneno hayo yalikuwa yake. Aliwahi kuyasema, tena hivyo hivyo, asubuhi moja Kasuku akiwa amekuja kuwatembelea.

Mwanamke yule alitoka, akafunga mlango kwa nje. Sauti ya ufunguo ilikuzwa kwenye spika hadi ikasikika kama chuma kinachovunjika. Mzee alianza kugonga. Aligonga kwa kiganja, halafu kwa ngumi, halafu kwa paji la uso. Hakuna aliyecheka tena. Miwani, ambaye mwanzoni alikuwa akimwegemea Dobi begani, alijitoa polepole, akaegemea upande wa pili.

Mchezo uliendelea saa nzima. Dada mkubwa aliingia na kutoka, kila mara na funguo zake. Hakupika, hakuogesha mtu, hakufua. Mwishoni mzee alikufa sakafuni, vidole vyake vimepenya chini ya mlango.

Kweli ilikuwa hivi. Mama aliugua ugonjwa wa kusahau kwa miaka sita. Mwaka wa pili alitoka peku, akapatikana kituo cha basi akiuliza njia ya kwenda shule aliyosoma akiwa mtoto. Mwezi uliofuata alipatikana kwenye mtaro, mkono umevunjika. Ndipo Dobi akaanza kufunga mlango anapokwenda kazini, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ufunguo wa pili alimpa jirani wa mlango wa pili, mshonaji aliyefanyia kazi nyumbani. Jirani aliingia saa tatu kumpa Mama uji, akaingia tena saa sita kumbadilisha nguo. Katika miaka yote sita Kasuku alikuja mara moja, akakaa siku nne. Na siku aliyofika, Dobi akiwa kazini, aliyemfungulia mlango ni huyo jirani. Mama alifia hospitalini, juu ya shuka ambalo Dobi mwenyewe alikuwa amelinyoosha, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dobi. Kasuku alifika kesho yake.

Makofi yalidumu. Kasuku alipanda jukwaani, mwembamba, kichwa amekinyoa, akaketi kwenye ile stuli ili watu waulize maswali. Mwalimu alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa amejipanga tangu nyumbani, na mtu aliyejipanga huwa haoni.

"Tunayo bahati leo," alisema. "Dada wa mtunzi ni mwanafunzi wetu. Yuko hapa hapa, na labda..."

Dobi aliona uso wake ukibadilika, neno likimfia mdomoni. Lakini watu walikuwa wameshageuka. Safu ya kwanza, ya pili, na huko nyuma, wote walimtazama, kisha macho yao yakashuka mpaka shingoni mwake, kana kwamba wanatafuta kitu kilichoning'inia.

Mtu mmoja aliuliza kama kisa ni cha kweli.

"Ni kisa cha wengi," alisema Kasuku, bila kutazama safu ya tatu.

Dobi alimngojea kwenye korido ya nyuma, palipopangwa viti vilivyovunjika. Kasuku alipomwona hakujaribu kukwepa.

"Hukuniambia," alisema Dobi.

"Ningekuambia usingekuja."

"Ulitaka nije?"

"Nilitaka uone."

"Nimeona. Ufunguo wa jirani uko wapi?"

Kasuku alivuta pumzi. "Niliuweka, Dada. Kwenye mazoezi ya mwanzo ulikuwepo. Jirani anaingia, anampa uji. Kila akiingia, watu wanapumua. Mchezo unalegea. Sikutaka wapumue."

"Na mimi nilipumua lini?"

Kasuku alikaa juu ya kiti kimoja cha miguu mitatu, akakisawazisha kwa goti.

"Unajua nilimkuta vipi siku ile?" alisema. "Jirani alifungua, Mama amesimama nyuma ya mlango, amelowa mpaka miguuni, analia. Nikamwambia, Mama, ni mimi. Akanisukuma. Alikuwa anakuita wewe. Siku zote nne aliniita kwa jina lako. Mimi hakunijua hata mara moja."

"Basi ungebaki mpaka akujue."

"Nilikuwa na mazoezi."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na kwa kitambo alikuwa tena mtoto aliyevunja kikombe. Dobi alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumfunga leso ile shingo yake nyembamba asipate baridi. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Yule mwenye funguo hajamwogesha mama yake hata mara moja," alisema. "Saa nzima. Nilikuwa nangoja tu amwogeshe."

"Si wewe, Dada. Ni mhusika."

"Anaburuza mguu wangu."

Aliondoka. Alipofika barabarani alikumbuka kwamba fomu yake haijapigwa muhuri, akarudi. Mlinzi wa mlangoni aliuminya muhuri kwa nguvu, akamuuliza kama mchezo ulikuwa mzuri. "Watu wamepiga makofi," alisema Dobi.

Wiki iliyofuata Mwalimu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwomba radhi mara tatu. Alimwambia anaweza kuchagua tukio lingine. Dobi alisema hapana, muhuri umeshapigwa. Akaenda nyumbani akaandika kurasa mbili. Aliandika kwamba dada mkubwa katika mchezo ule hana saa za kazi, hana jirani, hana mikono. Kwamba mtu anayefunga mlango lazima awe na sababu, na mtunzi aliijua sababu akaificha.

Karatasi ilirudi na maandishi ya kalamu nyekundu, yenye huruma. "Hoja yako ina nguvu. Lakini tunachambua kilichomo jukwaani tu. Ushahidi wa huyo jirani uko wapi ndani ya mchezo? Una nafasi ya kuandika upya."

Alikaa na karatasi ile siku mbili. Siku ya tatu aliandika upya. Aliandika kuhusu mlango usio na ukuta, na jinsi mwanga ulivyopungua kila ufunguo ulipozungushwa. Kuhusu dada mkubwa aliandika: "Mhusika huyu ni katili kwa sababu ameacha kumwona mama yake kama mtu. Uchovu wake si kisingizio." Maneno yalikuja bila taabu. Alijiangalia anavyoyaandika, akashangaa jinsi ilivyo rahisi.

Alipata alama za juu kuliko darasa zima. Mwalimu, kwa nia njema, alisoma aya hiyo mbele ya wanafunzi bila kumtaja mwandishi. Wote walijua. Miwani alitazama meza. Dobi alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, kama mtu anayesikiliza habari za mtaa mwingine.

Alifaulu somo. Kasuku alimtumia ujumbe kwamba mchezo umealikwa miji mingine sita, akaongeza, "Nipigie, Dada, tafadhali." Dobi aliusoma, akausoma tena, akaiweka simu kwenye mfuko wa aproni. Mpaka leo hajapiga.

Baada ya miezi miwili, mwenzake wa kazi, anayepokea mashuka upande wa pili wa mashine, alikuja na habari. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka minane, lakini nyumbani walikuwa hawatembeleani.

"Wifi yangu kaangalia mchezo mmoja," alisema huku akivuta shuka. "Eti mwanamke kamfungia mama yake ndani mpaka akafa. Binadamu wana roho. Mimi mtu kama huyo nisingekula naye meza moja."

"Huyo ni mimi," alisema Dobi.

Mwenzake alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Shuka lilitoka, likaning'inia hewani, hakulishika.

"Ulimfungia kweli?"

"Nilimfungia."

Dobi alingoja. Lilikuwa limebaki swali moja tu, swali fupi, kwa nini, na jibu lake alikuwa nalo tayari, lote, na saa zake na uji wake. Mashine ilinguruma. Mwenzake alizunguka, akashika ncha mbili za shuka, Dobi akashika mbili nyingine. Wakalikunja, wakasogeleana, wakatengana, wakasogeleana tena. Mwenzake aliliweka juu ya rundo, akalisawazisha kwa kiganja, akarudi upande wake kungoja linalofuata.