Mbwa wa Miezi Sita

Mzee alikuwa ameshona suti za watu kwa miaka arobaini, lakini tangu mkewe afariki alikuwa hagusi cherehani wala hasemi na mtu. Ukimsalimia, anatikisa kichwa. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye, akaona heri amwandikishe kwenye utafiti wa chuo kikuu. Wazee wapweke walikuwa wanapewa mbwa wa kufuga kwa miezi sita, huku wakipimwa presha na usingizi, ili ijulikane kama mnyama anawasaidia.

"Baba na mbwa?" kaka yake alicheka kwenye simu. "Sisi wenyewe alitupakata kwa kubembelezwa!"

Muuguzi wa utafiti alimleta mbwa asubuhi moja: jike la rangi ya majivu, sikio moja limelala. Akajilaza kizingitini, na kila aliyeingia akamkagua kuanzia viatu mpaka usoni.

"Huyu karani," mzee akasema.

Binti yake aliacha sufuria motoni akaja mbio kuhakikisha ni nani aliyesema.

Jina likamganda. Karani alitaka kutembezwa, basi mzee akavaa viatu. Njiani watu walisimama kumchezea mbwa, na mzee akajikuta anajibu maswali. Mwezi wa pili akatia mafuta cherehani, akamshonea Karani godoro la mabaki ya vitambaa vya suti. Kila baada ya wiki mbili muuguzi alikuja kumfunga mkanda mkononi, na presha iliyoanzia mia na sabini na nane ikateremka hadi mia na thelathini na sita.

"Baba, moyo wako umerudi ujanani," muuguzi alimwambia.

"Umerudi tu nyumbani, mwanangu."

Miezi sita ikatimia. Muuguzi alipokuja kumchukua mbwa, alimkuta mzee amekwishalikunja godoro na kuosha bakuli. Binti yake ndiye aliyelia na kusihi.

"Niliweka sahihi kwenye fomu," mzee akamkatiza. "Usimtie mwenzio matatani na kazi yake."

Muuguzi akampima mzee mara ya mwisho. Mia na thelathini na nane. Akaandika, akafunga daftari, na Karani akaburutwa hadi kwenye gari, kucha zikikwaruza sakafu.

Wiki ya tatu binti akampigia simu muuguzi. "Dada, baba hatoki kitandani. Chakula anakigusa tu."

Muuguzi akaenda moja kwa moja kwa profesa aliyeongoza utafiti. Profesa hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Karani alikwishapelekwa kwa mshiriki wa awamu ya pili, mwalimu mstaafu aliyezika mwanawe wa pekee.

"Nimnyang'anye huyu nimpe yule? Au nimpe mzee wako mbwa mwingine?"

Mzee hakutaka mwingine. Alichoomba ni kumwona Karani mara moja. Muuguzi akampeleka kwa gari lake. Walipofika, yule mama mwalimu alikuwa barazani, kiganja chake juu ya kichwa cha mbwa. Karani alimsikia mzee kabla hajafika, akaruka, akazunguka miguu yake akilia kama mtoto. Mzee akapiga magoti, akamkumbatia.

"Ni wako?" mama akauliza. "Umekuja kumchukua?"

"Unalala siku hizi?" mzee akamwuliza.

"Nimeanza."

Mzee akainuka kwa kushikilia ukuta. "Basi nimekuja kumsalimia tu."

Baada ya miezi miwili mzee alifariki, saa nne asubuhi, binti yake akimnywesha uji.

Siku ya kutangaza matokeo, profesa alionyesha ukutani mstari wa presha za wazee ukishuka vizuri. Ukumbi ukapiga makofi. Muuguzi akasimama.

"Na baada ya kuwachukua mbwa?"

"Hatukupima," profesa akasema.

Awamu ya tatu ilipoandaliwa, fomu ilibadilishwa: mbwa harudishwi. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyempelekea binti habari hiyo. Alimkuta sebuleni akipanga nguo za baba yake za kugawa.

"Afadhali," binti akasema. Akachukua koti jingine, akalikung'uta, akaanza kulikunja.